Msasa na polishi kwenye tufe la bolingi: vina kazi gani hasa?

Kwa Kiswahili tukisema mtu amepigwa msasa, tunamsifu. Amefundishwa akaiva, mikwaruzo yake imeondoka, sasa ni laini na anafaa kutumwa popote. Msasa ni jina la mti pia, na majani yake makavu yana ukali wa kutosha kulainishia ubao; mafundi wa pwani waliyatumia kabla karatasi ya dukani haijafika. Kwenye bolingi, mchezo wa kubingirisha tufe zito liangushe pini 10 zilizosimama mwisho wa njia, maana hiyo inapinduka. Tufe likipigwa msasa halilainishwi: linakwaruzwa makusudi ili lipate kushika njia. Anayelitaka laini hulipiga polishi. Kati ya vitu hivyo viwili ndipo mchezaji anapochagua tufe lake lianze kupinda wapi katika safari ya mita 18 na kidogo, kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya kwanza.

Kama umecheza bolingi kwa kukodi tu, tuseme pale Village Market, Nairobi, huenda jambo hili hujawahi kuliona. Tufe la ukumbi ni la plastiki ngumu na huenda moja kwa moja popote ulipolielekeza. Wachezaji wa ligi huko Marekani, ambako mchezo huu una mizizi mirefu, huja na matufe yao wenyewe. Yametobolewa kwa kipimo cha vidole vya mwenyewe, yana kiini kizito chenye umbo maalumu ndani, na juu yake gamba la resini lenye vinyweleo vidogo vinavyonywa mafuta. Gamba hilo ndilo linalopigwa msasa.

Mafuta gani? Hapa ndipo penye siri ya mchezo wote. Njia ya bolingi ina upana wa mbao 39 nyembamba, jumla mita 1 na sentimita chache, na kabla ya mashindano mashine huipaka mafuta. Ni kati ya mililita 20 na 30 tu kwa njia nzima, yaani hata vijiko viwili vya mezani havizidi, na ukisimama mbali huyaoni. Kwenye kumbi za kawaida hupakwa mita 12 hivi za mwanzo, mengi katikati na kidogo pembeni. Mita 6 za mwisho, kuelekea kwenye pini, huachwa kavu. Kwa hiyo tufe moja katika safari moja hupita kwenye utelezi kisha kwenye ukavu, na namna linavyobadilika kati ya sehemu hizo mbili ndiyo wachezaji wanaita mwitikio wa tufe.

Tulipigie hesabu kidogo. Tufe lina kipenyo cha sentimita 21.6 hivi, kwa hiyo mzingo wake ni karibu sentimita 68. Ukilirusha kwa kilomita 30 kwa saa, ili libingirike bila kuteleza lingehitaji kuzunguka mara 12 kila sekunde. Mkono wa mchezaji mzuri hulipa mizunguko 5 au 6. Maana yake tufe linapotoka mkononi linateleza, kama gurudumu la gari lililofungwa breki kwenye matope, na tena linazunguka kwa upande, si kuelekea mbele tu. Mafuta yanaliacha liendelee hivyo. Likikutana na msuguano, mzunguko ule wa upande huanza kulivuta, na njia yake inapinda. Mwishoni mzunguko na mwendo vinapatana, tufe linabingirika moja kwa moja wala halipindi tena. Kuteleza, kupinda, kubingirika: kila tufe linalorushwa vizuri hupitia hatua hizo tatu kwa muda wa sekunde 2 na kitu.

Kwa nini mtu ahangaike lipinde? Kwa sababu pini 10 huanguka zote kwa urahisi zaidi tufe likiingia kwa mshazari kati ya pini ya kwanza na ya tatu (kwa anayetumia mkono wa kushoto, kati ya ya kwanza na ya pili). Shirika la bolingi la Marekani, USBC, liliwahi kupima likaona kwamba pembe ya nyuzi 6 hivi ndiyo inayoleta straiki nyingi, yaani pini zote 10 kuanguka kwa mrusho mmoja. Tufe lililonyooka haliwezi kuifikia pembe hiyo. Njia ni nyembamba mno.

Sasa turudi kwenye ngozi ya tufe. Fikiria kiwanja cha mpira siku ya mvua. Anayevaa viatu vyenye soli laini anateleza, mwenye njumu anasimama, kwa sababu meno ya njumu yanapenya tope hadi kwenye udongo mgumu. Msasa hulipa tufe njumu. Mikwaruzo yake haionekani kwa jicho ila kama ufifi fulani, lakini ncha zake hupenya utando wa mafuta na kugusa njia yenyewe. Tufe huanza kushika mapema, likiwa bado ndani ya mafuta, na hupinda polepole kwa tao pana. Ukilitazama kutoka nyuma huoni kona, unaona upinde.

Polishi hufanya kinyume. Ncha zile zinasawazishwa, na tufe linaelea juu ya mafuta kama tairi kipara kwenye lami iliyolowa. Halishiki kitu mpaka lifike kwenye ukavu. Hapo hushika kwa ghafla na kukata kona kali.

Kosa ambalo karibu kila mgeni wa mchezo huu hulifanya, nami nililifanya kwa msimu mzima, ni kudhani kwamba msasa huongeza kupinda na polishi hupunguza. Si hivyo. Kinachobadilika zaidi ni mahali. Tufe lina akiba ya nguvu iliyotoka mkononi mwako, na akiba hiyo haiongezeki likishaondoka. Lenye mikwaruzo mikali huanza kuitumia mapema. Likiwa kali kupita kiasi, au njia ikiwa kavu kupita kiasi, linaimaliza kabla ya kufika, linabingirika mita kadhaa bila kupinda, na linazigonga pini kwa unyonge. Lenye polishi hubana matumizi mpaka mwisho. Ndiyo maana tufe linalong'aa, ambalo mtu angedhani ni la kuteleza tu, ndilo linaloweza kukata kona inayoshtua kuliko yote, mradi likute ukavu wa kutosha mbele. Lisipoukuta, au mafuta yakiwa yamevutwa mbali zaidi kuelekea pini, linapita tu na kuangukia pembeni.

Kwa hiyo kanuni ya jumla ni hii: mafuta mengi au marefu, msasa mkali; mafuta machache, msasa laini au polishi. Lakini mkono nao una kauli. Anayerusha kwa kasi na kuzungusha kidogo anahitaji gamba kali, maana tufe lake halipewi muda wa kushika. Anayerusha polepole na kuzungusha sana hufurahia polishi, la sivyo tufe linakata kona kabla hajamaliza kuinua mguu.

Ukali wa msasa husomwa kwa namba, kama fundi seremala anavyosoma karatasi zake: namba ndogo, chembe kubwa. Seremala anaanzia 60 au 80. Kwenye tufe, 500 tayari ni kali, 1000 na 2000 ni za katikati, 4000 ni laini kabisa ambayo bado haijawa polishi. Wengi hutumia pedi za sifongo za Abralon, zinazotengenezwa na Mirka ya Finland, kwa sababu zinakunjika kufuata duara la tufe na zinatumika na maji. Tufe huwekwa kwenye mashine yenye bakuli linalozunguka. Unalirushia maji, unashika pedi kwa kiganja bila kukandamiza sana, unaihamisha taratibu kutoka juu hadi kiunoni mwa tufe, kisha unaligeuza. Pande nne ndiyo desturi. Wenye subira hufanya sita. Kabla ya yote hayo tufe lisafishwe. Ukipiga msasa juu ya mafuta na uchafu unavisugua virudi ndani ya vinyweleo, na pedi inaziba.

Jambo moja ambalo mafundi wa samani watalielewa bila kuelezwa: huwezi kuruka ngazi. Ubao ukitoka kwenye 60 ukaupeleka moja kwa moja kwenye 400, vanishi itakuumbua, mikwaruzo mikubwa bado iko chini. Lakini kwenye tufe mikwaruzo hiyo ya chini hutumika kwa faida. Tufe lililopigwa 500 kisha polishi, na lililopandishwa hadi 2000 kisha polishi ileile, yote mawili yanang'aa mezani, lakini njiani hayafanani. La kwanza lina mabonde makubwa chini ya mng'aro, kwa hiyo hushika mapema kidogo. La pili huteleza mbali zaidi. Mtu akikuambia tufe lake "lina polishi", swali la kumuuliza ni polishi juu ya namba ngapi.

Hamu ya kubadilisha ngozi ya tufe ilikuwepo kabla ya resini. Mwaka 1973 mchezaji wa kulipwa Don McCune aliloweka matufe yake ya plastiki kwenye kemikali mpaka gamba likalainika. Matufe yalishika njia kuliko ya wenzake wote, akashinda mataji sita mwaka huo na kuwa mchezaji bora wa mwaka. Baada yake zikaja sheria za ugumu wa gamba. Viwanda navyo vikaendelea: mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaja yurethani, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 resini yenye vinyweleo, ambayo ndiyo iliyotawala hadi leo. Kwangu mimi hadithi ya McCune inaonyesha mapema kile ambacho USBC ilikuja kukikuta ilipochunguza mwendo wa matufe: ukali wa gamba ni kati ya mambo yenye uzito mkubwa kabisa. Watu hutumia fedha nyingi kununua tufe jipya lenye kiini cha ajabu, wakati la zamani lingehitaji pedi moja na dakika kumi.

Sheria za leo ni wazi. USBC inaruhusu upige msasa au polishi utakavyo kabla ya mashindano, mradi ukali wa gamba usizidi kipimo cha mikroinchi 50 (mikroinchi ni sehemu moja ya milioni ya inchi). Yakishaanza, kugusa tufe kwa msasa ni marufuku, na Agosti 2019 USBC ilizuia hata kulifuta kwa kimiminika katikati ya mchezo. Kikabaki kitambaa kikavu tu. Ndiyo sababu mchezaji makini huenda na matufe mawili au matatu yenye ngozi tofauti: hawezi kubadilisha gamba, basi anabadilisha tufe.

Na gamba lenyewe halitulii. Kila mchezo njia hulisugua tufe, ncha zinalika, mikwaruzo inajaa. Tufe ulilolitoa kwenye 500 Jumatatu si la 500 tena baada ya jioni chache za ligi. Polishi nayo huchubuka, kwa hiyo matufe ya aina zote mbili yanasogea kuelekea hali moja ya katikati, mng'ao wa njia. Chunguza hasa ule mkanda unaopita kwenye mafuta. Ukiliokota tufe mara tu linaporudi utaona michirizi ya mafuta ikilizunguka, imetanuka sehemu moja na kukutana sehemu nyingine, kama tai ya kipepeo. Pitisha ukucha kwenye mkanda huo, kisha mahali ambapo michirizi haifiki. Ukisikia tofauti, muda wa pedi umefika. Wengi hurudisha gamba zima upya kila baada ya michezo 60 hivi, pamoja na kulitoa mafuta liliyokunywa kwa maji ya uvuguvugu.

Ugumu unabaki kwenye kusoma dalili, na dalili iliyo maarufu kuliko zote ina sababu mbili zinazopingana. Kwa anayetumia mkono wa kulia, ni pini ya 10, ile ya kona ya kulia. Tufe limeingia mahali pazuri, pini zote zimelala, ya 10 imesimama, na ya 6 iliyopaswa kuigonga imejilaza kwenye mfereji mbele yake bila nguvu. Tufe lilifika bila pembe. Lakini kwa nini? Huenda lilishika mapema likamaliza akiba, na dawa ni msasa laini zaidi au polishi. Huenda pia liliteleza mno, likafika kabla halijamaliza kupinda, na dawa ni msasa mkali zaidi. Ukitazama pini peke yake hutajua. Macho yawe kwenye mita 6 za mwisho. Likipita hapo limenyooka na kutulia, lilikwisha mapema. Likipita bado linahangaika kugeuka, lilichelewa. Mimi humwomba mwenzangu asimame nyuma yangu anitazamie, kwa sababu anayerusha macho yake hukimbilia kwenye pini, na jibu liko hatua chache kabla ya pini.