Maana ya "jazi" katika majina ya bendi za Kanda ya Ziwa

Kijana wa Mwanza anayelisikia jina Shirati Jazz kwa mara ya kwanza huenda akatarajia saksafoni na piano za New Orleans, kumbe atakachokisikia ni magitaa. Katika Afrika Mashariki, tangu kabla ya uhuru, bendi ilijiita "jazi" ili kujitambulisha kuwa ni kikundi cha kisasa cha muziki wa dansi, mtindo wake uwe wowote. Tabora Jazz na Morogoro Jazz, kwa mfano, zilipiga rumba yenye asili ya Kuba na Kongo.

Kandokando ya Ziwa Victoria, jina hilo lilibeba benga, yaani muziki wa dansi wa Wajaluo unaoongozwa na magitaa, na kielelezo chake kikuu ni Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, mkoani Mara, akavuka mpaka kwenda Kenya kutafuta maisha ya muziki, na katikati ya miaka ya 1960 akaunda kundi lililobadilisha majina hadi likajulikana kama Shirati Jazz. Wakenya huihesabu benga kuwa yao, na wana haki. Hata hivyo, yule waliyemwita mfalme wake alikuwa Mtanzania.

Kinachoifanya jazi hii iwe ya jadi ni nyatiti, kinubi cha Wajaluo chenye nyuzi nane. Mpigaji wake hudonoa nyuzi huku akiimba, na kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba cha mguu hugonga ubao wa ala hiyo ili kushika mapigo. Katika benga, kazi ya nyuzi ilichukuliwa na gitaa la solo, ambalo hudonoa noti mojamoja kwa kasi na kumjibu mwimbaji badala ya kumsindikiza tu, na mapigo yakaachiwa besi na dramu. Beti zikiisha, solo huachiwa uwanja, na hapo ndipo wachezaji huchangamka.

Maneno nayo yalifuata desturi ya mpiga nyatiti: kusifu watu, kuomboleza wafu, na kusema ya wakubwa kwa mafumbo. Mafumbo ya Misiani, mengi yakiwa kwa Kijaluo, yaligusa siasa za Kenya kiasi kwamba aliwahi kukamatwa na kurudishwa Tanzania, ingawa baadaye alirejea na kuendelea na kazi hadi alipofariki kwa ajali ya barabarani mjini Kisumu mwaka 2006.