Kuuza viwanda haraka hakuleti wawekezaji

Wengi bado wanaamini kwamba nchi inayoacha uchumi wa kupangwa na serikali ikiuza mali ya umma haraka, uwekezaji utafuata wenyewe. Si kweli. Urusi iliharakisha: kuanzia Oktoba 1992 wananchi waligawiwa hati za rubli 10,000 kila moja, ili wapate hisa za viwanda. Mfumuko wa bei ukala thamani yake. Wengi wakaziuza kwa bei ya kutupa, na umiliki ukaishia kwa wachache. Inauma, maana kila raia aliahidiwa fungu lake.

Poland haikukimbilia kuuza viwanda vikubwa. Biashara mpya ndogondogo zilistawi, na kufikia 1996 pato la taifa lilikuwa limerudi kiwango cha 1989, kabla ya kuacha uchumi wa kupangwa.

Mwekezaji makini huuliza kwanza: mkataba ukivunjwa, mahakama itanilinda? Mfanyakazi na jirani wa kiwanda wanaihitaji mahakama hiyohiyo.