"Matibabu bure": neno bure hapa lina maana gani

Kwenye baraza la kituo kimoja cha afya hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, upande wa Katuba, nilimkuta kijana amesimama mbele ya muuguzi, karatasi ya malipo mkono mmoja, simu mkono wa pili. Dada yake alikuwa amejifungua usiku. Simu ilikuwa ikirudia sauti iliyosambazwa kwenye WhatsApp: kuzaa ni bure nchi nzima, muuguzi anayedai hata faranga moja ni mwizi, mpigeni picha tumuone. Muuguzi yule, mwanamke wa rika la mama yangu, hakujibu kitu. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akajifuta macho na kitenge. Nimechoka kusikia neno hili likitumika kumpiga mtu ambaye hakulitunga, ndiyo maana ninaandika.

Maana yenyewe ni fupi. Matibabu bure, ambayo kwenye karatasi za Serikali huitwa gratuité, ni matibabu ambayo mgonjwa hatoi pesa dirishani siku anapotibiwa, kwa sababu mwingine ameshalipa au ameahidi kulipa badala yake. Sehemu ya mwisho ndiyo inayodondoka njiani kila mara habari inapopita redioni, mkutanoni na kwenye simu.

Kiswahili chetu kimechangia kosa hili. Bure, au bule kama wengi wetu tunavyotamka huku Katanga, ni neno lenye mizigo miwili. Nimepewa bure: sikulipa. Nimekwenda bure: sikupata nilichofuata. Amesingiziwa bure: hakukuwa na sababu. Katika matumizi yote hayo kuna upande mmoja ulio mtupu, ama malipo, ama matokeo, ama sababu. Kwa hiyo mtu anapoambiwa "matibabu bure", sikio lake linasikia utupu. Hakuna pesa inayotembea mahali popote; dawa imejileta, mkunga amejileta, taa ya chumba cha upasuaji inawaka yenyewe. Na mwenye hasira na Serikali naye analishika neno lilelile kwa upande wake wa pili: bure, yaani kazi bure, hakuna kitu. Nimewasikia watu wawili wakibishana saa nzima ndani ya basi, mmoja akisema ni bure, mwingine akisema ni bure, kila mmoja akiamini mwenzake ni mwongo.

Kifaransa nacho kilituletea gratuité kikiwa na historia yake. Asili yake ni Kilatini, gratis, kifupi cha gratiis, kutoka gratia: fadhila, upendeleo, kitu unachotendewa ukabaki na deni la shukrani. Neno grâce, tunalolitafsiri neema kanisani, ni la ukoo huohuo. Kwa hiyo ndani ya gratuité kuna mtu anayetoa na mwingine anayepaswa kusema asante. Hapa ndipo siasa yetu ilipoingia na kukaa. Mpango wa kuzaa bila kulipa ulizinduliwa Kinshasa mwezi Septemba 2023, na uchaguzi wa taifa ulikuwa tarehe 20 Desemba mwaka huohuo. Katika miezi ile mitatu neno halikupata nafasi hata ya kuelezwa. Upande mmoja uliimba zawadi ya Rais. Upande wa pili ukajibu kwamba zawadi hiyo haipo, ni picha za televisheni tu. Hakuna upande uliosimama na kusema jambo la kawaida kabisa: hii ni pesa ya hazina, yaani kodi yenu, pamoja na mikopo na misaada ambayo watoto wenu watakuja kuijibia, na kifungu cha 47 cha Katiba ya 2006 kinaitaja afya kuwa haki. Fadhila huombwa na kushukuriwa. Haki huulizwa hesabu. Wametufundisha kushangilia au kuzomea, na hesabu haikuulizwa.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba sisi wa Lubumbashi tulipaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, Serikali ikaitwaa mwaka 1967, na jina lililobaki vinywani ni Gécamines. Mfanyakazi wake alikuwa na nyumba kambini, posho ya unga, shule ya watoto, na lopitali kwa ajili yake, mke wake na watoto wake. Kaa na mzee yeyote wa kambi atakwambia: siku zile tulitibiwa bure. Naheshimu kumbukumbu yake, lakini ile haikuwa bure. Ile ilikuwa sehemu ya mshahara wake. Alichimba shaba, na sehemu ya thamani ya shaba ile ilirudi nyumbani kwake kwa sura ya unga, ya kitabu cha shule, ya sindano. Mkunga aliyempokea mtoto wake alikuwa na mshahara kutoka kampuni ileile. Alilipwa, dawa zililipiwa, mashuka yalilipiwa. Mama aliyejifungua ndiye pekee ambaye hakuiona pesa, kwa sababu ilikuwa imeshakatwa mgodini.

Tuliona pia ilivyokwisha. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wake wa Kamoto ukaporomoka Septemba 1990, yakafuata machafuko ya nchi, na mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, na kazi ilipokatika, lopitali ilikatika pamoja nayo. Hakuna amri iliyotangaza kwamba matibabu si bure tena. Mlipaji ndiye aliyeishiwa.

Tumeyaona tena juzijuzi tu. Dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI hutolewa hapa bila malipo, na katika mikoa yetu ya Haut-Katanga na Lualaba sehemu kubwa ya mzigo huo ilibebwa na mpango wa Marekani uitwao PEPFAR. Januari 2025 Washington iliposimamisha misaada ya nje, wagonjwa wa mji huu walijua kwa wiki moja kile ambacho wanasiasa wetu hawakuwaambia kwa miaka ishirini: bure ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe anaishi mbali.

Sasa turudi kwa muuguzi wetu. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako wakakubaliana kwamba vituo vya afya vijiendeshe kwa mchango wa wagonjwa, hasa upande wa dawa. Kwetu, ambako Serikali ilikuwa imechoka, mchango huo uligeuka kuwa nguzo ya nyumba nzima. Karatasi ile ya malipo ndiyo inayonunua glovu, dawa na mafuta ya jenereta. Kisha kinachobaki hugawanywa kwa wafanyakazi, kwa maana wengi wao hawamo kwenye orodha ya mishahara ya Serikali, au wanapata primi, yaani posho, ndogo inayokuja inapotaka. Mwambie muuguzi huyo leo kwamba kuzaa ni bure, halafu usimlipe mahali pengine, utakuwa umemwambia afanye kazi bila kula. Matokeo yake yanajulikana. Malipo yatarudi kwa jina jingine: sabuni, daftari, mfuko wa plastiki, "kitu cha mkunga".

Mpango wa Kinshasa, kwa maandishi, ulijua hilo. Kituo kinaingia mkataba, kinahudumia mama bila kumtoza, kinapeleka hesabu, hesabu inahakikiwa, kisha Fonds de Solidarité de Santé, Mfuko wa Serikali wa mshikamano wa afya, inalipa kwa bei iliyopangwa. Unahusu mimba, kujifungua, upasuaji pia, na mtoto mchanga. Hauhusu malaria ya baba wala mguu wa shangazi uliovunjika. Haukuanza nchi nzima siku moja. Ulitoka Kinshasa ukapelekwa mkoa kwa mkoa, na hata mkoa ulipofikiwa, kituo kisicho na mkataba hakina atakayekilipa. Pesa ya Mfuko ikichelewa, kituo chenye mkataba nacho hukaa bila glovu. Sauti ile ya WhatsApp haikutaja hata moja kati ya hayo. Sidhani aliyeirekodi alikuwa na nia mbaya. Alisikia bure, akatangaza bure.

Kuna maneno mengine mawili yanayochanganywa humohumo, nayapitia haraka. Mutuelle ni chama cha watu wanaochanga kabla hawajaugua. Tunayo sheria yake tangu Februari 2017, na kule Bwamanda, kaskazini magharibi mwa nchi, walianza mwaka 1986. Anayetibiwa kwa mutuelle hapati bure, amejilipia mapema pamoja na wenzake. Na couverture santé universelle, yaani huduma ya afya kwa wote, ni lengo lenyewe, pana kuliko njia zote hizo. Kuzaa bila malipo ni kona yake moja. Couverture kwa Kifaransa ni blanketi pia, na mfano huo unanifaa: swali la blanketi ni nani wamo chini yake, linawafunika hadi wapi, na ni zito kiasi gani. Ukitangaza kwamba blanketi limefika bila kujibu maswali hayo, waliolala pembeni watajua ukweli usiku.

Neno ninalolipendekeza si geni, kila mtu hapa analitumia: kulipiwa. Mwanafunzi analipiwa shule na mjomba wake, na hakuna anayesema amesoma bure. Tunamtaja mjomba, na mjomba akifukuzwa kazi tunajua mapema nini kitatokea. Nikisikia "kuzaa kumelipiwa", ulimi wenyewe unauliza: na nani, wapi, mpaka lini, pamoja na nini?

Ndivyo nilivyomwambia yule kijana, kwa sauti ya chini, maana alikuwa amekesha na alikuwa na haki ya kuchoka. "Mudogo, hii haiko bule. Ni kulipiwa. Tumuulize mama kwanza kama hapa kuko mwenye kulipa." Alikizima kile kisauti. Akamuuliza muuguzi, safari hii akimwita mama, kama kituo kina mkataba na Mfuko. Muuguzi alisema hapana, akainuka, akamwonyesha bei zilizobandikwa ukutani karibu na mlango, akaanza kumsomea moja baada ya nyingine.