"Kufikika" maana yake nini hasa

Nimelisikia tena redioni wiki hii: "Huduma za wajawazito zinafikika, maana zahanati ipo ndani ya kilomita tano." Hayo ni madai mawili, na la pili halithibitishi la kwanza.

Maana kwa ufupi: kliniki inafikika pale mjamzito anapoweza kwenda, akahudumiwa na akarudi nyumbani kwa muda, nauli na nguvu alizonazo, kila mara anapotakiwa. Basi. Kinachonikera mimi ni sarufi.

Fikiwa na fikika ni ndugu, ila hawafanani tabia. Fikiwa ni kutendwa. "Kijiji kimefikiwa na huduma": hapo msafiri ni huduma. Yamefika matofali, yamefika mabati na bango la uzinduzi. Fikika ni kutendeka, na msafiri ni mtu. Linaloulizwa ni kama ataweza. Kwenye barabara hatukosei kamwe. Masika yakichachamaa tunasema barabara haipitiki, ingawa ipo pale pale, na hakuna anayetubishia kwa kututajia urefu wake. Tukija kwenye zahanati, sarufi yote inatutoka.

Na hizo kilomita tano kazipima nani? Aghalabu ni rula juu ya ramani. Nenda delta ya Rufiji, upande wa Kibiti, ambako vijiji vimetawanyika katikati ya mikoko na watu husafiri kwa mtumbwi au boti. Maji yakipwa, kuna vijito visivyopitika. Mama mwenye mimba ya miezi minane hana budi kungoja maji yajae, na siku ya kliniki haipangwi kwa kufuata bamvua. Huko bara ni bodaboda, na dereva akiona matope anataja bei nyingine.

(Neno kliniki lenyewe lina kejeli yake. Asili yake ni Kigiriki, kline, yaani kitanda: tabibu ndiye aliyekwenda kitandani kwa mgonjwa. Sisi tunasema "kwenda kliniki", na anayekwenda ni mwenye tumbo.)

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na mtoa huduma mara 8, badala ya 4 za zamani, mara ya kwanza ikiwa ndani ya wiki 12. Ukihesabu na kurudi, hizo ni safari 16. Kisera, huduma yenyewe kwenye vituo vya umma Tanzania ni bure. Nauli haimo. Wapo watakaonijibu kwamba kuna m-mama, unapiga 115 usafiri unakuja. Ni mpango mzuri sana, lakini ni wa dharura, na kupimwa presha na wingi wa damu mimba ikiwa na wiki 20 si dharura.

Waliosoma zaidi hukimbilia zile "chelewa tatu" za watafiti Thaddeus na Maine za mwaka 1994, walizoziandika kuhusu dharura za uzazi: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa. Kisha umbali wanauweka kwenye ya pili peke yake. Waandishi wale hawakusema hivyo. Walieleza kuwa umbali unauma mara mbili: njiani, na kabla ya hapo nyumbani, kwa sababu anayeijua safari ilivyo huenda asiamue hata kuondoka. Sisi huyo tunamwita mzembe, tena kwenye kipaza sauti.

Kwa hiyo, mtangazaji wangu, zahanati ikiwa ipo, sema ipo. "Ipo" ni neno zuri, fupi, halina ubaya wowote. Hilo la kufikika muulize kwanza anayeshuka mtumbwini na kadi yake ya kliniki ndani ya mfuko wa nailoni, isilowe.