Simu yako haina virusi 13

Mama mmoja anayeuza vitenge Kariakoo aliniletea simu yake akiwa amekata tamaa. Kila baada ya dakika chache ililia na kutoa onyo jekundu: "Simu yako ina virusi 13. Safisha sasa." Fundi wa mtaani alikuwa ameshamwambia dawa ni kuiflashi, yaani kuifuta yote na kuiwekea mfumo upya, na picha zote zingepotea. Nikamwomba asubiri kidogo. Nikavuta skrini kutoka juu, nikamwonyesha maandishi madogo kwenye lile onyo: neno Chrome, yaani kivinjari, programu ya kufungulia tovuti, na pembeni yake anwani ya tovuti ambayo hakuwahi kuisikia.

Basi akakumbuka. Mwanawe aliazima simu kutafuta mechi ya Simba na Yanga ya kuangalia bure. Kabla ya video ulifunguka ukurasa wenye picha ya roboti na maneno "Bonyeza Ruhusu kuthibitisha wewe si roboti". Kijana akabonyeza. Mechi hakuiona, ila tovuti ile ilikuwa imeshapata ruhusa ya kutuma arifa kwenye simu ya mama yake saa yoyote, hata ukurasa ukiwa umefungwa.

Kesi nyingi zinazofika mezani kwetu ni za namna hii. Tatizo la madirisha ya matangazo yanayojifungua yenyewe lina umri mkubwa. Ethan Zuckerman, aliyeandika msimbo wa mwanzo wa matangazo hayo miaka ya 1990 akiwa kampuni ya tovuti ya Tripod huko Marekani, aliomba radhi hadharani mwaka 2014. Vivinjari vilijifunza kuyazuia. Lakini mwaka 2015 Chrome ilianza kuruhusu tovuti kutuma arifa, na matapeli wakahamia huko, kwa sababu arifa inafanana na ujumbe wa simu yenyewe na watu huiamini.

Tovuti haina uwezo wa kupekua simu yako na kuhesabu virusi. Watu hubisha hapa: "Mbona imetaja aina ya simu yangu na mji nilipo?" Aina ya simu inatajwa na kivinjari chako kila unapofungua ukurasa, na mji hukisiwa kutokana na mtandao unaotumia. Hiyo namba 13 imeandikwa tu na mtu, kila anayefungua anaiona hiyo hiyo.

Kuondoa ni kazi ya dakika mbili. Fungua Chrome, gusa nukta tatu pembeni, ingia Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Kwa yule mama tulikuta saba, na aliyoitambua ni moja tu, ya habari. Sita tukazizuia. Ukiwa humo humo, hakikisha madirisha ibukizi, yale yanayojifungua yenyewe, nayo yamezuiwa. Kama matangazo yanatokea hata kivinjari kikiwa hakihusiki kabisa, shuku programu uliyoipakua karibuni, hasa zile za tochi, za kusafisha simu na za kuongeza betri. Ifute.

Kwenye kompyuta sura yake ni nyingine: ukurasa unajaza skrini nzima, king'ora kinalia, na kuna namba ya "fundi" ya kupiga. Usipige. Bonyeza Esc kwa sekunde kadhaa, kisha Alt na F4. Ikigoma, Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja zitakufungulia orodha ya programu zinazofanya kazi. Chagua kivinjari ukifunge. Ukikifungua tena kitakuuliza kama kirejeshe kurasa za awali. Kataa, la sivyo king'ora kinarudi.

Kuna moja linalonitia wasiwasi kuliko yote hayo. Ukurasa unajifanya unathibitisha kwamba wewe ni binadamu, halafu unakuelekeza ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Ukitii, umebandika na kuendesha kwa mkono wako mwenyewe amri ya tapeli ambayo ukurasa ulishainakili kimyakimya, na hapo kizuia virusi kinaweza kupitwa. Uthibitisho wa kweli hukuambia uchague picha au uweke alama kwenye kisanduku, haukutumi nje ya kivinjari. Kama umeshafanya hivyo, zima intaneti kwenye kompyuta hiyo, tumia kifaa kingine kubadilisha nywila za barua pepe na benki, kisha kompyuta ipeleke kwa fundi unayemwamini.

Na kama uliandika namba ya siri ya pesa za simu kwenye ukurasa wa namna hiyo, ibadilishe kabla ya kufanya jambo jingine lolote; kwa M-Pesa Tanzania unaanzia *150*00#. Kisha wapigie huduma kwa wateja wa mtandao wako. Namba ya simu ya tapeli, kama unayo, itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli Tanzania.