Kurudisha mali ya urithi iliyoporwa: maana yake, na mahali inapokwama

Urejeshaji wa mali ya urithi ni kuhamisha umiliki wa kitu kilichotwaliwa kwa mabavu, kwa wizi au kwa hila, kutoka kwa anayekishikilia leo hadi kwa jamii au nchi kilikotoka. Uzito wote uko kwenye umiliki. Kitu chaweza kutua Kisumu, kikapokewa kwa nyimbo na vigelegele, na bado kikawa mali ya London. Mwaka 2024 vipande 32 vya hazina ya Waasante vilipelekwa Kumasi, Ghana, kutoka makumbusho mawili ya London, lakini kwa mkopo wa miaka mitatu, kwa sababu sheria za Uingereza zinayabana makumbusho ya taifa yasitoe vitu vyake moja kwa moja. Ujerumani ilianzia upande wa pili: mwaka 2022 iliipa Nigeria umiliki wa shaba za Benin (sanamu na mabamba ya ufalme wa kale ulioko Nigeria) kwanza, kisha vipande 20 vikasafirishwa Desemba. Kwa hiyo ukisikia kitu "kinarudi nyumbani", uliza hati imeandikwa kwa jina la nani.

Huku kwetu Kenya mfano ulio wazi ni wa Nandi. Tarehe 19 Oktoba 1905 Richard Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Uingereza, alimuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, kwenye mkutano ulioitwa wa amani, akachukua fimbo zake za uongozi. Zilirudishwa mwaka 2006. Kwa kuwa zilikuwa mikononi mwa familia ya Meinertzhagen, hazikuhitaji bunge lolote kubadilisha sheria. Wanandi wanasema kichwa cha Koitalel nacho kilipelekwa Uingereza, na wanakidai hadi leo. Ni haki yao kudai.

Dai husimama kwa karatasi. Fuvu la Proconsul, nyani wa kale sana, ambalo mtafiti Mary Leakey alilipata kisiwani Rusinga mwaka 1948, halikuporwa. Lilipelekwa London kuchunguzwa. Hata hivyo lilikaa huko miongo kadhaa, na kilicholirudisha Kenya miaka ya 1980 ni barua za zamani zilizoonyesha kwamba liliazimwa tu.

Kazi ya kwanza basi ni kukitafuta kitu, na hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema. Orodha iliyokusanywa na mradi wa International Inventories, ambao Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yalishiriki, ina zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo katika taasisi 30 za ng'ambo. Ukiandika "Luo" au "Luhya" kwenye rejista za makumbusho hayo utapata sehemu tu. Vitu vingi vimeandikwa "Kavirondo", jina la wakoloni kwa watu wa pande za ziwa. Vya Wakipsigis viko chini ya "Lumbwa". Halafu kuna mtego mwingine: hadi 1902 eneo kuanzia Naivasha hadi Kisumu lilihesabiwa kuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Kigoda kilichochukuliwa Kisumu mwaka 1900 huenda kimesajiliwa kama cha Uganda. Tafuta pia kwa jina la aliyekusanya: afisa wa wilaya, mmishonari, mwanajeshi wa msafara. Ukikipata, nakili namba ya usajili jinsi ilivyo, pamoja na tarehe kilipoingia na jina la aliyekitoa.

Namba hiyo ndiyo mwanzo wa barua ya madai. Barua hueleza kitu kilichukuliwaje, nani anakidai kwa ukoo gani, na kitawekwa wapi. Ipitie Makumbusho ya Kitaifa, kwa kuwa taasisi za nje huona salama kushughulika na serikali. Familia mbili zikiandika barua mbili zinazopingana, makumbusho ya nje hupata sababu ya kungoja, nayo yanajua kungoja. Wazee wapatane kwanza.

Jambo lisilosemwa vya kutosha ni sumu. Zamani makumbusho yalipaka ngozi, manyoya na mbao aseniki, zebaki na baadaye DDT ili wadudu wasizile. Aseniki haichakai kwa miaka mia. Kofia ya manyoya ya mbuni iliyorudi haifai kuvaliwa kichwani, wala baragumu kuwekwa mdomoni, kabla ya kupimwa kwa mashine ya eksirei ya mkononi inayotambua metali. Omba matokeo ya kipimo hicho yaandikwe kwenye mkataba wenyewe, na kitu chenyewe mkishike kwa glavu.

Njiani kuna vibali. Ngozi ya mbega au chui na meno ya kiboko huhitaji kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, hata kama kitu kina umri wa karne. Mbao za sanduku la kusafirishia ziwe zimepashwa moto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30 na kupigwa muhuri, la sivyo zinaweza kuzuiwa mpakani. Likifika, sanduku likae saa 24 ndani ya chumba litakamofunguliwa, maana kitu kilichotoka kwenye baridi kikikutana ghafla na unyevu wa Kisumu hutona maji, na mbao kavu hupasuka.

Na ushuru: vigango vya Wamijikenda, yaani nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, vilivyotoka Marekani viliwahi kukwama uwanja wa ndege wa Nairobi kwa sababu ya kodi, kana kwamba ni bidhaa za sanaa zinazoagizwa. Barua ya msamaha wa kodi iombwe Nairobi na ipatikane kabla ndege haijaruka, na nakala yake isafiri pamoja na sanduku.