Maumivu ya kongosho: yanayosemwa mtaani na yanayotokea tumboni

"Hivyo ni vidonda vya tumbo tu."
Dar es Salaam, kila anayeshika chembe cha moyo huambiwa ana vidonda. Anapita duka la dawa, anameza omeprazo, mwezi unakatika na maumivu yapo palepale. Kongosho, kiungo kinachotoa maji ya kumeng'enya chakula, likivimba kwa muda mrefu lina namna yake ya kuuma: maumivu huanzia chembe cha moyo, yanapenya hadi mgongoni, na huzidi baada ya kula, hasa vyakula vya mafuta kama chipsi mayai. Mgonjwa akilala chali yanapanda. Akikaa, akainama mbele na kukumbatia mto, yanapungua kidogo. Kongosho limejibanza nyuma ya tumbo, mbele tu ya uti wa mgongo. Mkao huo peke yake si jibu, maana vidonda navyo huweza kuchoma mgongoni, lakini unatosha kumfanya daktari aulize zaidi.

"Kinachouma ni vijiwe vya kongosho, vikitoka, basi."
Hii ni nusu ya ukweli. Kongosho hutoa zaidi ya lita 1 ya maji ya kumeng'enya chakula kwa siku, na yote hupita kwenye mfereji wenye upana wa takriban milimita 3. Kovu likiubana, au kijiwe cha chokaa kikiuziba, maji yanakwama, shinikizo linapanda na damu inapita kwa shida.

Lakini wapo wenye vijiwe tele wasioumwa, na wapo wanaogaragara ilhali CT scan inaonyesha mabadiliko madogo tu. Hapo zitazame neva, yaani mishipa ya fahamu. Uvimbe wa miaka huzifanya zinenepe, ganda lake huharibika, na jambo dogo huzifanya zipige kelele kubwa. Zikipiga kelele muda mrefu, uti wa mgongo na ubongo navyo hujifunza kukuza maumivu. Ndiyo maana upasuaji wa kuzibua mfereji uliochelewa miaka mingi huleta nafuu ndogo kuliko uliofanywa mapema, na ndiyo maana daktari huweza kuandika pregabalini, dawa ya neva, kwa ugonjwa wa tumbo.

"Kipimo cha damu kiko sawa, anajifanya."
Lipezi na amilezi, vimeng'enya vya kongosho vinavyopimwa kwenye damu, hupanda sana kongosho linapovimba ghafla. Lililokwisha kujaa makovu halina tena cha kumwaga kwenye damu. Altrasaundi nayo hukosea: gesi ya utumbo hulifunika kongosho.

"Ni ugonjwa wa walevi."
Pombe ni chanzo kikubwa, ndiyo. Sigara nayo huharibu kongosho yenyewe kama yenyewe, na wapo wasiowahi kuonja tone: waliorithi, wenye kalisiamu nyingi kwenye damu, na wengine chanzo hakijulikani. Kumshuku mgonjwa kila akija huchelewesha tiba tu.

"Vidonge vya vimeng'enya ni vya maumivu."
Kazi yake ni kumeng'enya chakula, hasa mafuta, kwa mwenye kinyesi chenye mafuta anayekonda. Kwa kawaida huanzwa na uniti 40,000 hadi 50,000 za lipezi kwa mlo mkubwa, na humezwa pamoja na chakula. Tumbo likiwa tupu havina kazi. Kwa maumivu, huanzwa na parasetamoli: isizidi gramu 4 kwa siku, na pungufu ya hapo kwa aliyekonda sana au anayekunywa pombe. Tramado, dawa kali zaidi ya maumivu, husaidia, ila hufunga choo, na choo kikifunga tumbo linauma upya.

Maumivu yakibadilika ghafla, macho yakawa ya njano au kila chakula kikatapikwa, usiongeze dozi nyumbani. Huenda kuna mfuko wa maji pembeni ya kongosho, mfereji wa nyongo umebanwa, au ni saratani. Nenda hospitali yenye CT scan.